Kabla ya Skauti Kulikuwa na Mbuzi

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti duniani, alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko. Kitabu chake cha mwaka 1908, Scouting for Boys, kilikuwa mkononi mwa kiongozi wa Skauti niliyemkuta nilipoanza kufundisha Garissa. Watu wanakikumbuka kwa mafundo ya kamba, kufuata nyayo na kuwasha moto. Mimi kilinishika pale kinapozungumzia moyo. Baden-Powell, mwanajeshi asiye daktari, anawaambia wavulana kwamba moyo ndicho kiungo kikuu katika mwili wao, na kwamba sigara ikivutwa kabla mwili haujakomaa huudhoofisha moyo huo. Kisha anawapa zoezi la wawili kusukumana ili moyo upate nguvu ya kusambaza damu.

Nilipofika hapo niliwakumbuka watoto niliokua nao, ambao hawakuwahi kuona skafu wala kitabu. Kwetu ni upande wa Balambala, huko huko Garissa, na kazi ya mtoto ilipangwa kwa umri wake. Mdogo kabisa alipewa wana-mbuzi na wana-kondoo awachunge mbele ya herio, nyumba yetu ya kuhamahama, mama akimwona. Akifika miaka saba au minane alijiunga na watoto wa maboma ya jirani, wakaondoka na mbuzi alfajiri na kurudi jua likizama. Wavulana wakipata kimo walikwenda mbali na ngamia, wakakaa huko wiki nyingi wakiishi kwa maziwa. Sisi wasichana tulibaki na mbuzi, na siku ya kuhama tuliwafungia ngamia mizigo pamoja na mama zetu, tukaanza kutembea.

Kundi lile la watoto lilikuwa na utawala wake. Dada mkubwa, hata kama alikuwa na miaka kumi na miwili tu, ndiye aliyeamua tupumzike chini ya mgunga upi, nani awakimbilie mbuzi waliotoroka, na tunywe maji saa ngapi. Aliyekaa kitako wenzake wakikimbia aliitwa kwa sauti mpaka akaona haya akanyanyuka. Chakula kilikuwa maziwa, uji au mkate mwembamba wa mtama, na nyama siku ya kuchinja na siku za baadaye ikiwa imehifadhiwa ndani ya samli. Sukari ilikaa kwenye sanduku la mama na kutoka akija mgeni. Chumvi tuliifikiria zaidi kwa ajili ya ngamia, ambao wasipoipata hudhoofika. Katika sufuria yetu ilikuwa kidogo mno.

Sisemi maisha yale yalikuwa salama. Surua iliua watoto, njaa iliua, na zahanati ilikuwa mbali. Lakini Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za kuufanyisha mwili kazi ya kuhema. Sisi tulizipita dakika hizo kabla ya jua kupanda, na hakuna aliyetuambia kwamba ni mazoezi. Tulikuwa na wenzetu na tulikuwa na kazi. Katika miaka yote niliyofundisha sijaona kitu kingine kinachomfanya mtoto atumie mwili wake kila siku bila kuchoka nacho.

Utaratibu ule ulivunjwa, na miaka yake inajulikana. Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo ndimo kwetu, tangu miaka ya 1920, mtu akihitaji kibali kuingia au kutoka. Tarehe 28 Desemba 1963, kama wiki mbili baada ya uhuru wa Kenya, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari humo, na vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katikati ya vita hivyo, kuanzia 1966, watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Mfugaji asiyeweza kufuata mvua hana mifugo kwa muda mrefu: wanyama waliishiwa malisho, wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi. Sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Familia nyingi zilizobaki mikono mitupu zilisogea mjini, zikajenga katika bulla, yaani mitaa, za Garissa, na watoto wao wakawa watoto wa kwanza katika ukoo wasio na mnyama wa kumfuata.

Kuna jambo lingine, na silipiti haraka. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakawekwa pale siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Nayataja katika habari ya afya ya watoto kwa sababu uwanja wa shule ndio mahali pa kuchezea alipokuwa napo mtoto wa mjini. Kwa miaka mingi walikuwapo wazazi ambao hawakuvumilia kuona mtoto wao akipigiwa filimbi na kupangwa mstari pale, na Skauti huanza kwa filimbi na mstari. Wageni walisema sisi Wasomali hatupendi michezo. Hawakujua uwanja ule ulikuwa umebeba nini.

Chakula nacho kiligeuka. Ukame wa 1984 ulimaliza mifugo mingi, na mahindi na mafuta ya msaada yakachukua nafasi ya maziwa. Maziwa ya Nyayo, aliyoyaanzisha Rais Moi mwaka 1979, yaliwafaa watoto wa shule, lakini hayakuweza kujaza pengo la kibuyu cha nyumbani. Kisha serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bidhaa zilimiminika kupitia Kismayu: sukari, mchele, tambi, maziwa ya unga. Sukari ya sandukuni sasa ikauzwa kwa gunia. Chai ya asubuhi, chai ya saa nne, chai ya alasiri, zote zikawa tamu kiasi cha kuacha utomvu kwenye kikombe, na mtoto alizinywa zote pamoja na watu wazima.

Wakati huo huo mtoto yule alikuwa ameketi. Alfajiri yuko duksi, chuo cha Qurani, na ubao wake, asubuhi hadi alasiri yuko darasani, jioni anarudi duksi. Nilikwenda kumwona maalim wa mtaa wetu, mzee aliyewafundisha Qurani nusu ya watoto wa kikosi changu cha Skauti, nikamweleza kwamba nahitaji saa moja baada ya swala ya alasiri, siku mbili kwa wiki.

"Mwalimu," akanijibu, "hawa wakicheza sana watalala kwenye somo langu."

"Maalim, wakikaa sana watalala pia, na presha itawaamsha uzeeni."

Alifikiri, kisha akawaambia wazazi mwenyewe, akiwakumbusha mafundisho ya Mtume kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyenipinga. Ningekwenda na barua ya ofisi, nisingepata hata dakika kumi.

Tulichofanya kwenye kikosi kilikuwa chepesi. Niliwafundisha watoto kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa yangu. Wakakimbia mpaka kwenye mwarobaini na kurudi, wakahesabu tena, kisha wakapumzika na kuhesabu mara ya tatu. Waliona wenyewe kwamba aliyezoea kutembea, mara nyingi yule aliyetoka malishoni karibuni, mapigo yake yalitulia mapema kuliko ya mtoto wa dukani. Wale wageni kutoka boma, waliokuwa wakichekwa kwa Kiswahili chao, wakawa viongozi wa doria.

Siku nyingine tulikwenda kwa miguu hadi mashamba ya kando ya mto Tana, tukarudi na ndizi na mapapai, au matikiti maji yakiwa na bei nafuu. Tulipima sukari ya chai kwa vijiko, kila mtoto akaenda kupunguza kijiko kimoja nyumbani kwao na kuleta habari za vita alivyopigana na bibi yake. Sigara na mirungi tulivizungumza waziwazi, kwa sababu mirungi huupandisha mwendo wa moyo na shinikizo la damu, na kaka zao walikuwa wakitafuna barazani. Na tulikuwa na amri moja niliyoisimamia kwa ukali: mtoto mwenye maumivu ya koo na homa aletwe kwangu ili apelekwe hospitali. Koo lenye bakteria lisipotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi, na hiyo yaweza kuharibu vali za moyo wa mtoto maisha yake yote. Hilo kitabu cha 1908 hakikulijua, na wazazi wengi hawakulijua.

Kambi za usiku ndizo zilizotuponyoka. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakiuawa, kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, na walimu wengi wasio wenyeji walikuwa wameanza kuondoka tangu mauaji ya walimu na abiria wengine wa basi huko Mandera mwaka uliotangulia. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu, na walimu wengine wakahamishwa. Viongozi wa vikosi walikuwa miongoni mwa walioondoka. Shule iliyobaki na walimu wachache kwa madarasa yote haina mtu wa kupuliza filimbi jioni. Ilikuwa hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mwaka ule wa shambulio, 2015, utafiti wa kitaifa ulikuwa umeonyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana shinikizo la juu la damu.

Nimestaafu, lakini bado naitwa eedo, shangazi, na mabinti wa mtaa, na kazi yangu sasa ni wao. Msichana akivunja ungo hapa huacha kukimbia barabarani, na sioni sababu ya kubishana na mama yake juu ya hilo. Nilichotafuta ni ua wenye ukuta mrefu. Niliupata kwa mjane mmoja mwenye nyumba kubwa, na ndani yake tunaruka kamba na kucheza kati, mchezo wa kurushiana mpira, hijabu zikiwa zimefungwa vizuri, mpaka adhana ya magharibi. Wao pia huhesabu mapigo. Kadhaa wameondoka na mama zao mpaka hospitali ya rufaa ya kaunti kupima presha, kwa sababu binti alishika mkono wa mama akauliza kwa nini unapiga namna ile.

Ua mmoja hautoshi mji mzima. Viwanja vya bulla vinajengwa maduka, na nimewaambia wazee na diwani kwamba kila bulla ibakize kiwanja cha wavulana na ua wa wasichana, vyote viandikwe kwenye ramani ya mji kabla ya kiwanja cha mwisho kuuzwa. Wavulana wananiuliza lini watalala kambini tena. Nimewajibu kwamba baba zao wakubali kwanza kuja kulala nasi, na wawili wameshakubali.