Meya, Kata na Mgombea Binafsi: Lugha ya Uchaguzi katika Jiji la Dar es Salaam

Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mshairi na mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Tangu zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke mwaka 2000, cheo hicho kimeenea hata pembezoni mwa jiji. Hata hivyo, mkazi wa Mbagala au Tandale hampigii meya kura. Humchagua diwani wa kata yake, na madiwani ndio wamchaguao meya miongoni mwao.

Kwa hiyo msemo “kutetea kiti”, unaotumiwa aghalabu na magazeti, haumfai sana meya aliyeko madarakani. Kabla ya kurudi kwenye kiti hicho hana budi kuteuliwa na chama, kushinda katani, kisha kupitishwa tena na wenzake wa chama. Na waliompa waweza kumnyang’anya: Januari 2020 Isaya Mwita, Meya wa Jiji, aliondolewa kwa kura za madiwani. Mwaka uliofuata halmashauri yenyewe ya jiji ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikahamishiwa Ilala.

Je, meya asiye na chama aweza kupatikana? Kwa sheria za Tanzania, la, kwani diwani hana budi kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la chama mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuizima hukumu hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ililirudisha suala hilo kwa Bunge. Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, iliamua Juni 2013 kwamba haki za wananchi zimevunjwa. Uchaguzi wa 2025 ulifanyika sharti likiwa palepale.

Mabishano hayo yote yaliendeshwa chini ya jina “mgombea binafsi”, nalo si jina lisilo na upande. Binafsi ni jirani wa ubinafsi. Msikilizaji humwona mtu anayejigombea mwenyewe kwa faida yake, hata kabla hajafungua kinywa. “Mgombea huru”, linalotumika Kenya, lina sauti nyingine kabisa. Wabunge waliolikataa jambo hilo walikwisha kusaidiwa na msamiati.