Katekista Aliyebaki na Mkewe

Hapa Nyakanazi, barabara zinapogawanyika kwenda Rwanda, Kigoma, Kahama na Biharamulo, salamu yetu ni ile ile: "Watoto hawajambo?" Katika nyumba isiyo na mtoto, salamu hiyo huchoma kama mwiba. Anayechomwa zaidi ni mke, kwa kuwa lawama hupewa yeye.

Uchungu huo uliandikwa zamani na mtu aliyesoma katika mkoa wetu wa Kagera. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma Seminari ya Rubya, upande wa Muleba. Hakuwa padri. Alirudi Ukerewe, akamwoa Anna Katura, akawa katekista. Watoto wao walifariki wakiwa wadogo. Desturi ilimruhusu kuoa mke wa pili apate mrithi. Yeye, kwa imani yake, alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka kwa kukosa mtoto, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere haendi kuposa mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika mpaka anarudishiwa mkewe.

Huko Bengali, Rabindranath Tagore, mtoto wa ukoo wenye mashamba makubwa, aliandika hadithi fupi zenye huruma juu ya wanyonge wa vijijini aliowaona akisimamia mashamba hayo. Kitereza hakuhitaji kwenda mbali: machozi aliyoyaandika yalikuwa nyumbani kwake.

Alikosa mchapishaji kwa miaka mingi, akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Ndugu msomaji, tunapenda kumtaja Hana, mama yake Samweli, kwa sababu mwishoni alipata mtoto. Bugonoka naye alipata. Anna Katura hakubakiwa na mtoto, wala ndoa yake haikupungua kitu mbele za Mungu. Basi tukutanapo katika jumuiya zetu, tumsalimu mama kwanza kwa jina lake mwenyewe, tumuulize hali yake, kisha tunyamaze tumsikilize.