Kioo

Fundi wa mitambo kwenye kumbi za mikutano za AICC, Arusha, akikwambia kioo cha projekta kimeungua, muulize: kipi? Ndani ya projekta nyingi za fuwele oevu (LCD) mna vioo vinavyoakisi rangi moja na kupitisha nyingine, vikigawa mwanga wa taa kuwa mwekundu, kijani na bluu. Mna lenzi. Kisha mna vibapa vitatu vya fuwele oevu, kimoja kwa kila rangi, vinavyounda picha. Vibapa hivi hutumia mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu. Mwanga usipoelekezwa hivyo mapema, takriban nusu yake huzuiwa na kugeuka joto linalounguza. Mtaani vyote ni “kioo”, sawa na cha dirisha au cha simu. Kwenye karakana, tuseme kioo, lenzi, kibapa. Vinginevyo utauziwa kipuri kisicho chako.