Kadi ya siku 30

Mwanamume wa Bugufi, huko Ngara, aliyetafuta fedha ya kodi enzi za Mwingereza alikuwa na safari mbili za kuchagua. Moja ilielekea kaskazini kwa miguu, kupitia Karagwe, kuvuka mto Kagera hadi kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Nyingine ilikwenda mbali zaidi, mashariki, kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Kokote alikofika alimkuta mtu mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba siku yake ya kazi imetimia au haijatimia. Wazee wa Ngara na Biharamulo waliishi chini ya mamlaka hayo kwa miongo mingi, na kwa maoni yangu historia ya upimaji wa kazi katika wilaya hizi inaanzia hapo, kabla ya saa ya ukutani na kabla ya kompyuta.

Buganda ilipendwa kwa sababu mwajiri mara nyingi alikuwa mkulima mwenyeji. Kibarua aliweza kupimiwa sehemu ya kulima, akaimaliza, akalipwa, akaenda kutafuta nyingine. Kwenye mkonge kipimo kilikuwa kipande: kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Wajerumani waliwahi kutumia kadi za siku 30 kule Usambara kuwalazimisha wenyeji kufanya kazi kwa walowezi. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, kadi ikabaki. Haikuwa sawa na kipande cha Kenya, kitambulisho chenye alama za vidole ambacho Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kopo la bati. Kipande cha Tanganyika kilihesabu jasho.

Mkataji alipewa kazi ya siku: akate majani ya mkonge, ayafunge matita ya majani 30, afikishe idadi iliyowekwa. Akifikisha, alitiwa alama kwenye kadi. Akipungukiwa kwa homa, kwa mvua au kwa kupangiwa mstari wenye mkonge mbovu, nafasi ingeweza kubaki tupu ingawa majani aliyokata yalikwisha kupakiwa kwenda kusagwa kwenye mashine ya korona. Mshahara ulisubiri kadi ijae, na kadi ya siku 30 haikujaa ndani ya mwezi mmoja. Mnyapara hakuhitaji kumchapa mtu ili amwonee. Ilitosha kukataa kutia alama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mfumo ule, kwa sababu dhuluma yake haikuacha kovu ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Hata hivyo wafanyakazi waliupata upenyo wao. Aliyekuwa na mkono mwepesi aliingia shambani alfajiri, akamaliza kabla jua halijawa kali, na saa zilizobaki zikawa zake. Wenye mashamba walipotaka kuongeza kazi ya siku, waligusa saa hizo, na watu walizipigania kama walivyopigania mshahara. Huko Marekani Frederick Winslow Taylor, ambaye kitabu chake cha usimamizi wa kazi kilitoka mwaka 1911, aliwapima wafanyakazi kwa saa ya kupimia muda ili kila dakika iwe na hesabu yake. Kwenye mkonge kazi ikiisha, dakika zilikuwa za mkataji.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na magharibi ya Tanganyika ikawa hazina yake kubwa. Walioandikishwa ndio walioitwa manamba. Lakini Bugufi ilikuwa tayari na jibu jingine: kahawa, na chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1936. Mwenye mibuni alilipwa kwa mizani. Aliamua mwenyewe apalilie lini na apumzike lini.

Baada ya Uhuru kima cha chini cha mshahara kilipanda, mashamba yakapunguza watu, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 safari ya manamba ilikuwa imefifia. Upimaji ulihamia kwingine. Tulawaka, wilayani Biharamulo, dhahabu ilianza kuzalishwa mwaka 2005, na kazi ya mgodini ikaja na zamu zake. Serikalini ulikuja OPRAS, fomu ya malengo ambayo mtumishi alijaza na mkuu wake akaisaini. Sasa mwalimu wa Rulenge na muuguzi wa Nyakahura wanaingiza majukumu yao kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni. Mtumishi huandika alichofanya, msimamizi huthibitisha. Muuguzi aliyeshughulikia uzazi mgumu usiku kucha na mwenzake aliyekuwa na zamu tulivu wanaweza kuonekana sawa kwenye skrini, na msimamizi asiyefika wodini hana njia ya kuwatofautisha.

Kuna jambo moja ambalo mkataji wa mkonge hakuwa nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo. Mgogoro ukifika kwenye vyombo vya sheria na mwajiri asiwe na maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake, si wa mlinzi wa duka au mhudumu wa nyumba ya wageni pale Ngara mjini.