Muyaka na Amana ya Ulimi

Ndugu msomaji, hata huku Mafinga, mbali na bahari, wanafunzi wa madrasa huniuliza: Muyaka bin Haji ni nani? Alikuwa malenga wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Alijigamba, alitania, na aliwakabili kwa mashairi mahasimu wa Mazrui. Utawala wa Mazrui ulianguka mwaka 1837, naye angali akitajwa. Kwa nini? Kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi yale kwa waliokuwa wameyahifadhi, yakaandikwa, na mwaka 1940 yakachapishwa kuwa diwani. Basi, enyi jamaa, wazee wenu wangapi wamezikwa pamoja na tungo zao? Shikeni kalamu mapema, kwani neno jema ni amana. Wallahu aalam.