Ajua: Mchezo wa Mwambani Unaosubiri Mashujaa Wake

Ndani ya ngome ya Thimlich Ohinga, huko Nyatike katika kaunti ya Migori, pana mwamba uliochimbwa mashimo madogo yaliyojipanga kwa safu. Mgeni asiyeelezwa atadhani ni kazi ya mvua. Anayeijua ajua hahitaji kuelezwa: huo ni ubao wa mchezo. Watu walioishi nyuma ya kuta zile za mawe, zilizopandishwa bila tone la saruji wala udongo wa kushikanishia, na ambazo mahali pengine zinapita kimo cha mita 4, walikuwa na wasaa wa kuketi na kucheza.

Wataalamu wanakadiria kwamba ngome hiyo ilijengwa karne ya 16. Jamii mbalimbali zilipokezana kuikalia na kuikarabati, Waluo wakiwa miongoni mwa za mwisho, hadi karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo kuta zake zimepigwa picha na kusifiwa sana, na zinastahili. Lakini naamini ule mwamba wa mashimo unastahili heshima isiyopungua. Kuta zinatuonyesha kile ambacho wakazi walikihofia, yaani wavamizi na wanyama wakali. Ubao unatuonyesha walivyofurahi pamoja. Wala si wao peke yao katika Kenya ya kale: kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, alikochimbua Mary Leakey mwaka 1937, nako kuna mbao za bao zilizochongwa mwambani.

Ajua ya Waluo ina safu 2, kila safu mashimo 8. Hapo inatofautiana na bao la Waswahili na omweso wa Waganda, yenye safu 4 na kete 64. Mchezaji huzoa mbegu za shimo moja, akazisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata, na lengo ni kula za mwenzake hadi akose pa kushika. Mbegu zenyewe ni zile ngumu, laini, zinazoteleza mkononi, za mti mtambaa wenye miiba ambao Waluo nao huuita ajua. Ni ndugu wa komwe zinazochezewa bao huko Lamu na Unguja. Mtu wa Karungu na mtu wa Pate wanaweza kuketi pamoja, wakatofautiana kwa kanuni, lakini vidole vyao vikatambua kete mara moja.

Wazee walicheza kivulini kwenye ubao wa mti, na wavulana waliopelekwa malishoni walichimba mashimo ardhini wakaokota vijiwe. Hakuna aliyehitaji kununua kitu. Na mchezo huo ulikuwa darasa kamili la hesabu. Anayecheza vizuri huhesabu mbegu kwa jicho, akajua kabla ya kuzigusa zitaishia wapi, na mwenzake atajibu nini. Ningependa kila mwalimu wa shule ya msingi kuanzia Muhuru Bay hadi Oyugis aone hesabu hiyo ikifanyika bila kalamu.

Shule zilipoenea, kuanzia misheni kama ile ya Waadventista iliyofunguliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, siku ya mtoto ilianza kugawanywa na kengele, na malisho yakapungua. Baadaye drafti ikatawala vibaraza: ubao uliochorwa kwa rangi, vifuniko vya soda upande mmoja vimeelekea juu na upande wa pili vimefunikwa. Karata zikafuata, kisha simu. Ajua haikufa, ila ilisogezwa pembeni ikaonekana mchezo wa wazee tu.

Wakati huohuo, nje ya bara letu, wenzetu waliona thamani yake. Mwaka 1894 Mmarekani Stewart Culin aliandika utafiti ulioita familia hii ya michezo ya mashimo mchezo wa taifa wa Afrika. Mwaka 1940 Mmarekani mwingine, William Julius Champion, alibuni toleo rahisi aliloliita Kalah, akalipatia hataza katika miaka ya 1950, na hatimaye akaanzisha kampuni ya kuliuza. Leo toleo hilo limo katika maduka na kompyuta za dunia nzima. Leslie Scott naye, Mwingereza aliyezaliwa na kukulia Afrika, alizindua mchezo wa vipande vya mbao uitwao Jenga huko London mwaka 1983, akiupa jina la Kiswahili. Sisemi haya kwa kulalamika. Nasema ili ijulikane kwamba michezo ya kwetu ina soko, na soko hilo limekuwapo kwa muda mrefu.

Soko hilo lina mtindo mwingine unaopendwa sana sasa: michezo ya mezani ya familia inayotumia visanamu vya wahusika wanaojulikana. Mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kuchezea askari wadogo, Little Wars, mwaka 1913. Mwaka 1989 HeroQuest ikaweka visanamu vya mashujaa na majitu kwenye meza za watoto. Mwaka 2002 HeroClix ikawageuza mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani kuwa visanamu vya kuchezea. Siri yake ni nyepesi: mtoto anamjua mhusika kabla ya kuijua kanuni. Anamshika mkononi, na hadithi inamvuta hadi kwenye mchezo.

Sasa tuangalie kilichopo kwetu. Ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, huko Tabaka katika kaunti ya Kisii, jiwe laini limechongwa kwa vizazi. Wanaume huchonga, wanawake wengi husugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae. Kutoka hapo hutoka mbao za bao na seti za sataranji ambazo mfalme wake ni Mmasai au tembo na askari wake ni vibanda au wanyama wadogo. Ni visanamu vya mchezo wa mezani, vilivyochongwa na Mkenya, vinavyosafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Ustadi wa eneo hili hauna haja ya kuthibitishwa: mchongaji Elkana Ong'esa alitoka hapo hapo Kisii, na kazi yake iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Wahusika nao hawahitaji kuagizwa. Homa Bay ni nyumbani kwa Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye masimulizi yanasema aliweza kujigeuza umbo apendavyo, na ambaye klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 imebeba jina lake kila kona ya nchi. Kule Gwassi yupo Nyamgondho, mvuvi maskini aliyevua mwanamke mzee ziwani, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana mwanamke huyo kwa ulevi na kuwaona ng'ombe wote wakimfuata majini. Karibu na Kendu Bay liko ziwa Simbi Nyaima, ambalo hadithi inasema lilikuwa kijiji kilichomnyima ajuza mgeni chakula na malazi. Na jirani, Kano, yupo Lwanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe ambaye siri yake ilikuwa kivulini.

Hebu fikiria ajua ambayo mbegu zake ni ng'ombe wa Nyamgondho, na kila anayecheza kwa tamaa anawapoteza ziwani. Fikiria Gor Mahia wa jiwe la Tabaka anayeruhusiwa mara moja tu kubadili upande. Lwanda Magere hapati dhara hadi mpinzani afikie shimo la kivuli chake. Kanuni hizi zimo ndani ya hadithi zenyewe, zinangoja mtu azipange. Seti ya namna hiyo sijaiona dukani Homa Bay wala Migori mjini, ilhali za wahusika wa ng'ambo zipo mtandaoni kwa bei ambayo mzazi wa kawaida haimudu.

Idara za utamaduni za kaunti za Homa Bay na Migori zinaweza kuanza na jambo dogo: kuwaketisha pamoja wachongaji wa Tabaka, wazee wanaocheza ajua na walimu, wakatengeneza seti chache za shule. Waongoza watalii wa Thimlich nao wasiwapitishe wageni haraka pale mwambani. Wawape mbegu, wawafundishe. Na wewe msomaji, kama una mzee nyumbani anayeijua ajua, mwombe akufundishe Jumapili hii, na umwite mtoto aketi kando yenu.