Kikapu cha Karanga

Krismasi moja hapa Tunduma familia moja ilitualika kula pamoja, na jumuiya yetu ikapanga kila nyumba ipeleke kreti ya soda. Jirani yangu mmoja, mjane, hakuja. Kesho yake alinionyesha kikapu cha karanga alizokaanga kwa chumvi, kimefunikwa kitambaa cheupe. "Katibu, ningeingiaje na hiki mbele za watu?" Sikuwa na jibu, maana orodha ile ya soda niliiandika mimi.

Aibu hiyo ni ya zamani kuliko soda. Katika miaka ya 50 baada ya Kristo, waumini wa Korintho walikutana katika nyumba ya mwenzao, kila mtu na chakula chake. Wenye nacho walitangulia kula, maskini wakabaki wakitazama. Ukisoma 1 Wakorintho 11 utaona kwamba Paulo hakukataza watu kubeba chakula. Alikemea kuwatahayarisha wasio na kitu.

Wamoravian, walioleta Injili katika nyanda zetu, nao wana historia yao ya chakula kilichopelekwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tarehe 13 Agosti 1727 watu wa Herrnhut, Ujerumani, waliokuwa wamegombana kwa muda mrefu, walishiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Baada ya ibada hawakutaka kuachana. Walisimama kwa makundi wakizungumza, na Kaunti Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake ili wasitawanyike. Ndipo ilipoanzia karamu ya upendo ya Wamoravian. Haikupangiwa bajeti, kilipelekwa kilichokuwa jikoni.

Mwaka 1891 wamisionari wao walifika Rungwe, kisha wakaendelea hadi Mbozi kwa Wanyiha. Huko Traugott Bachmann aliishi miaka mingi na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Lakini hawakuhitaji kumfundisha mtu wa Mbozi kwamba kwa watu haiendwi mikono mitupu. Bibi yangu alitoka na unga wa ulezi, maharage, au ndizi mbivu. Wageni wetu wa bondeni Momba walikuja na ufuta au samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Na mwenyeji hakurudisha kikapu kitupu. Hata akikosa, alitia chumvi kidogo. Bibi alilishika hilo kuliko mahubiri mengi, Mungu anisamehe kusema hivyo.

Kisha fedha ya kahawa ikaingia Mbozi, reli ya TAZARA ikajengwa kupita hapa katika miaka ya 1970, na Tunduma ikawa mji wa mpakani ambako kila kitu kinanunuliwa. Soda yenyewe si dhambi, nami nainywa. Ila kreti ina bei ambayo kila jirani anaijua, na haina mahali pa kutia chumvi wakati wa kuirudisha.

Mwaka uliofuata sikuandika orodha. Mjane alikuja mapema, akaweka kikapu chake mezani kati ya maandazi na viazi vitamu. Watoto walimaliza karanga kabla pilau haijaiva. Jioni mama mwenye nyumba alikiita kile kikapu jikoni, akakijaza ndizi, akamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani.